Maji Ambayo Hayajaiva

Mwanangu, mwaka ule mvua ilikatika mpunga ukiwa bado mchanga. Ilikuwa miaka ya tisini, kijijini kwetu karibu na Mchombe, nami nilikuwa msichana ninayekaribia kuolewa. Kaka yangu Damasi alikuwa na mke, mtoto mmoja wa kike aliyeitwa Anjela, na shamba lililoanza kupasuka nyufa. Kila asubuhi alikwenda kulitazama, na mluzi aliozoea kuupiga ukakoma.

Juu ya mashamba yetu kulikuwa na shule ya bweni, na chini ya shule mabwawa mawili tuliyoyachimba sisi wanakijiji wenyewe. Majitaka ya vyooni na jikoni yaliingia bwawa la kwanza, uchafu ukatuama. Kisha yalipita polepole kwenye bwawa la pili lenye matete, na mwisho yakatoka hayanuki. Aliyeyaangalia alikuwa Mzee Kaspari, mtu mkali asiyependa mzaha. Sisi wasichana tulimwita mlinzi wa mavi.

Unawajua watu wa bonde hili. Mkulima wa mpunga akiona maji yamezuiwa na tuta, mikono humwasha. Damasi aliita wenzake, akina mama wakakoroga togwa, watu wakapanda hadi mabwawani na majembe mchana kweupe wakiimba, utadhani wanakwenda kumlimia jirani.

Mzee Kaspari akasimama juu ya tuta la bwawa la kwanza. "Maji haya hayajaiva," akasema. "Yaacheni yapite kwenye matete. Kisima chenu kiko huko chini."

"Shikamoo, mzee," Damasi akamjibu. "Mpunga unakufa, nawe unatuletea habari za maji kuiva? Mwanangu atakula matete?"

Watu wakaangua kicheko. Wakamshika mzee wa watu mikono, wakamweka kando, wakakata tuta.

Maji meusi yakashuka mashambani. Haukupita muda mpunga ukawa wa kijani kibichi, na Damasi akaanza tena kupiga mluzi. Kisha mvua ikarudi, tena kubwa. Majaruba ya mpunga yakafurika, na yote tuliyoyaingiza shambani yakateremka hadi kisimani. Tuliona maji yamebadilika rangi. Tukasema ni tope la mvua, tukachota.

Anjela alianza kuharisha asubuhi, na jioni macho yalikuwa yameingia ndani. Barabara ya Ifakara, iliko hospitali, ilikuwa imekatika kwa matope. Damasi akambeba mgongoni kwa miguu, na hakufika mbali kabla ya kurudi naye. Sauti aliyoitoa wifi yangu alipowaona sitakusimulia.

Mzee Kaspari alikuja mazikoni. Tulimwogopa, tukingoja aseme kwamba alituonya. Kaburi lilipokwisha kufukiwa alimwendea Damasi.

"Pole, mwanangu," akasema. "Jembe hilo usiliweke chini. Tuta bado liko wazi, na kuna watoto wengine wanakunywa."

Damasi alikwenda, udongo wa kaburi ungali kwenye jembe. Tulimfuata sote, tukaliziba tuta. Mwaka ule alivuna kuliko miaka yote, na hakuonja hata punje.

Sasa nasikia ninyi vijana mnataka kuyafukia mabwawa yale mpate majaruba zaidi. Usinikunjie uso, nisikilize. Maji uliyokwisha kuyatumia ni mzigo wako bado, mpaka yawe salama kwa anayechota chini yako. Shida ya shamba isikufanye uyaachie kabla ya wakati, hata kama kijiji kizima kinakushangilia. Na ukimkuta mtu analinda kitu kinachonuka, muulize kwanza anamlinda nani, ndipo ucheke ukiweza.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, mwanangu, na mavuno unayoweza kuyala. Na siku ya kuzikana ikifika, watoto wako ndio wakuzike wewe.