Stelingi Aliyemwoa Dada Yake

Shati la kwanza jipya ninalokumbuka kumwona nalo baba yangu liliishia kwenye miiba. Tulikuwa tunatoka mnadani, yeye mbele, mimi nyuma na mbuzi ambaye hakupata mnunuzi, na shati baba alikuwa amelivaa palepale aliponunua, mikunjo ya dukani bado iko mgongoni. Kwenye kona ya njia akamwona mama mkwe wake anakuja na kuni kichwani. Kwetu Ugogoni, siku zile, mtu hakupishana na mama mkwe wake njiani hivihivi bega kwa bega. Aliingia kichakani, na kichaka chenyewe kilikuwa cha ile miiba iliyopinda kama ndoana, ukiingia inakupokea, ukitoka inakukatalia. Bibi naye alikuwa amemwona vizuri tu. Akageuza uso upande wa pili, akatua mzigo, akaanza kuniuliza habari za nyumbani, za mama, za mbuzi, za kuku, mpaka za majirani. Baba kimya kichakani. Alipotoka, shati lilikuwa matambara. Mama akauliza limefanyaje, akajibiwa, "Nimekutana na mama yako." Akachukua sindano akaanza kushona. Hakuna aliyecheka.

Wajukuu zangu husema nikiulizwa njia ya kwenda kisimani naanzia Chemba. Wavumilie. Shati hilo nimelileta kwa sababu nataka mjue watu wa kwetu tulikuwa tunalipa nini kwa ajili ya heshima, tena bila kunung'unika, ndipo mnielewe ninapowaambia kwamba kuna mkanda wa video ulioniudhi miaka ile na mpaka leo bado unaniudhi. Hao waliotengeneza mkanda huo sijui wako wapi, wala wao hawajui Ihumwa kwetu iko wapi. Ndiyo hasa shida yenyewe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kabla yake tulipanga foleni ya sabuni, na sabuni ikiisha unarudi na ndoo yako na uchafu wako. Halafu ghafla kila kitu kikawepo. Mitumba ikamwagwa sokoni kama mahindi, redio zikaja zenye milango miwili ya kanda, na wakati huohuo watu wakaanza kupunguzwa kazini. Mimi nilikuwa kibarua kwenye mashamba ya zabibu, sisi hatukupunguzwa, maana hatukuwahi kuajiriwa. Pale Ihumwa mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya taa akanunua televisheni, deki na jenereta, akasafisha ghala lake la mahindi, akaziba madirisha na mlango kwa magunia, akapanga mabenchi. Jumapili baada ya ibada, watu wa kanisani na watu wa msikitini tulikutana humo wote. Pumba za mahindi ziliwasha shingoni, lakini nani aliyejali.

Mikanda ilikuwa ya Kizungu, na sisi Kiswahili chenyewe wengine tumejifunzia ukubwani. Mimi darasa la nne sikulimaliza, mwalimu alihamishwa nami nikajihamisha. Kwa hiyo mwenye ghala akaweka mkalimani.

Mkalimani huyu hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa wa upande wa Chemba, katika wale watu ambao lugha yao inagongwa kwa ulimi kama mtu anayevunja vijiti mdomoni. Alikuwa amefanya kazi ya reli miaka mingi, akapunguzwa, treni ikamwacha Ihumwa kama inavyoacha maganda ya miwa. Kiingereza chake kilikuwa kiasi gani, Mungu ndiye anajua. Lakini alisimama kando ya televisheni na fimbo yake, akamwonyesha kila mtu: huyu ndiye stelingi, huyu ndiye adui, huyu ndiye mpambe wa adui, atakufa sasa hivi. Na bunduki ikikokiwa, yeye aliigonga kwa ulimi wa kwao kabla ya televisheni kuigonga. Vijana walikuwa wanakuja kusikiliza ulimi ule tu.

Baba mkwe wangu naye akaanza kuja. Alikuwa mzee wa mtaa, ndiye aliyegawa viwanja upande wa chini ya reli, na hakupenda mambo mengi ya ruksa, ila alimpenda mkalimani. Mkalimani alimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na kuinama. Siku moja mzee akamwambia mbele yetu sote, "Mwanangu, wewe ni mgeni, lakini husemi uongo. Mtu asemaye kweli hakosi mahali pa kujenga. Mvua zikikatika nitakukatia kiwanja." Mkalimani alikuwa analala kwenye kibanda cha magunia nyuma ya ghala. Akashika fimbo kwa mikono miwili, akasema, "Nashukuru, mzee wangu." Siku nzima ile adui walikufa kwa furaha.

Sasa ndio ukaja ule mkanda wa kisasi. Stelingi anarudi kwao kutoka vitani, anakuta nyumba imechomwa na kaka yake ameuawa na majambazi watano. Anaanza kuwasaka. Mkanda huo wa kwanza sina ugomvi nao. Ila katikati stelingi anajeruhiwa, na mwanamke mmoja anamficha nyumbani kwake, anamwosha kidonda, na namna alivyokuwa anamwosha, mtu yeyote aliyeoa alijua yanakoelekea.

Hapo nieleze tulivyokuwa tumekaa. Benchi la mbele alikaa baba mkwe. Nyuma yake mimi, mkwewe, niliyemwoa binti yake. Baba mkwe unaweza kukaa naye, unaweza kula naye, lakini hamwezi kukaa pamoja mkatazama mwanamume na mwanamke wakitafutana midomo. Ingenibidi nitoke nikanyage watu, na kutoka kwenyewe kungekuwa kusema. Nikaangalia chini. Nilisikia mwenye ghala anatafuta ile khanga aliyokuwa anafunika nayo televisheni mambo yakiharibika, lakini khanga ilikuwa imechelewa.

Mkalimani akagonga fimbo sakafuni. Akasema kwa utulivu kabisa, "Huyu mwanamke ni dada yake. Tumbo moja. Walipotezana utotoni, ndiyo leo wanatambuana."

Ghala lote likashusha pumzi. Wazungu wale wakakumbatiana, khanga ikashuka, mkalimani akaongeza, "Wanalia kwa furaha." Baba mkwe akatikisa kichwa. Akasema, "Damu ni damu." Vijana waliokuwa nyuma walijua. Walikuwa wa sekondari, Kiingereza wanakifahamu, na mmoja alikuja baadaye akampa mkalimani mkono, akamwambia, "Mkubwa, leo umetuokoa. Na mimi nilikuwa na mjomba wangu mle ndani." Nilimsikia kwa masikio yangu. Mkumbukeni huyo.

Mwishoni adui mkubwa anampiga risasi dada, anaanguka, stelingi anampakata, adui anatoroka kwa helikopta na mkanda unaishia hapo. Watu walitoka ghalani kama wanaotoka mazikoni. Baba mkwe alikuwa na dada aliyeolewa Bahi akafia huko kwenye majaruba ya mpunga, na habari za kifo chake hazikuja vizuri. Alisimama nje muda mrefu. Tangu siku ile kila aliponiona alikuwa ananiuliza, "Mkwe, ule wa pili umefika? Yule kijana lazima amlipie dada yake." Kupanda kukapita, palizi ikapita, mzee anaulizia mkanda kama anayeulizia mvua.

Mkanda wa pili ukaletwa kutoka mjini. Watu walikaa mpaka juu ya mapipa. Waliotoka kulisha ng'ombe waliingia na fimbo zao, na benchi la mbele aliachiwa mzee.

Jamani, mtu ukimpa mwenzako hadithi nusu, nusu ya pili si yako peke yako. Ameshalala nayo, ameshailia. Wale watu wa mikanda hawajui adabu hiyo. Mkanda unafunguka, dada yuko hospitali, mzima. Watu wakashangilia, mzee akapiga goti lake kwa kiganja. Stelingi anaingia na maua. Vizuri. Halafu wanatuhamisha, tuko kanisani, na dada amevaa shela.

Kengele na shela, mchungaji na pete, hayo hayahitaji mkalimani. Kila mtu mle ndani alikuwa amekwisha kuhudhuria harusi.

Mkalimani akasema, "Anamsindikiza dada yake. Anaolewa."

"Bwana harusi yuko wapi?" mtu akauliza kutoka kwenye mapipa.

"Anakuja."

"Amechelewa namna gani, na pete anayo stelingi?"

"Amemshikia."

Watu wengine wakacheka, lakini kicheko cha wasiwasi. Stelingi akamvisha pete. Mwenye ghala akaruka na khanga, mara hii aliwahi, ila khanga ilikuwa nyepesi imefuliwa sana, na nyuma yake tuliona vivuli viwili vinakuwa kimoja.

Ghala likalipuka. Sikuwahi kuona hasira ya namna ile, hata kwenye kugawana maji. Mama mmoja muuza maandazi alisimama akasema, "Kaoa dada yake. Kaoa tumbo moja, na mchungaji yupo." Mwingine akasema ndiyo maana nyumba yao ilichomwa, walikuwa na mkosi toka mwanzo. Mchunga ng'ombe mmoja aliuliza kama kaka aliyeuawa alijua haya, kwa sababu kama alijua basi amekufa kwa uchungu. Mkanda unaendelea, risasi zinalia, hakuna anayetazama. Halafu adui mkubwa akaonekana, amekaa mezani anakula na mama yake mzazi, anamkatia nyama. Mtu akasema, "Mtazameni adui. Mtu mwenye adabu." Ndipo ghala lote likahama. Stelingi akivizia, watu wanamwonya adui, "Nyuma yako, mzee, nyuma yako." Stelingi akapigwa ngumi, wakapiga makofi. Tangu video ziingie Ihumwa ilikuwa haijatokea, watu kumwombea stelingi afe.

Mzee ndiye hakuhama. Alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, na watu wakanyamaza kumsikia, "Mwanangu. Siku ile ulituambia huyu ni nani?"

Mkalimani akasema, "Nilisema ni dada yake, mzee wangu."

"Na leo?"

Mlionifuata toka kwenye shati mnaona pale alipokuwa amesimama. Akisema kweli, kwamba yule ni mpenzi wake toka mkanda ule wa kwanza, amemwambia mzee mbele ya watu wote kwamba siku ile yeye na mkwewe walikaa ghala moja wakitazama uchi wa mapenzi. Heshima ya mzee imekwisha, na yangu, na ya binti yake nyumbani. Asiposema, yeye ni mwongo, na mwongo hana kiwanja.

Akasema, "Nilikosea, mzee wangu. Sikusikia vizuri."

"Kosa gani hilo?" alidakia yule kijana wa sekondari, yuleyule wa kumpa mkono. "Mkubwa, wewe Kiingereza hukijui, sema tu. Umetudanganya toka mwanzo. Hata zile za risasi ulikuwa unajitungia." Wenzake wakacheka, wakaanza kuigiza ule mlio wa ulimi wake, vibaya.

Nikageuka nikamwambia, "Wewe unajua kwa nini alisema vile."

Akanitazama, akatabasamu. "Najua nini, shemeji? Hebu sema hapa, mkweo asikie."

Niambieni, ningesema nini. Baba mkwe alikuwa mbele yangu, ningeweza kumgusa bega. Mdomo niliufungua, na maneno yote yaliyokuwemo yalikuwa yale ambayo mkalimani alikuwa anaungua asiyaseme. Kijana alilijua hilo. Alimpiga mtu kwa fimbo ya heshima aliyokingwa nayo yeye mwenyewe na mjomba wake, na watu wanaona kasema kweli. Mpaka leo namkasirikia. Siku hizi ni mtu mzima, ana mvi, ananipa shikamoo barabarani, naitika kwa sababu ya mafunzo tu.

Mimi naamini mzee alikuwa ameanza kuelewa, maana shingo yake ilibadilika. Lakini mzee wa namna ile akielewa jambo kama hilo, kazi yake ni kutoelewa. Akasema polepole, "Basi, bwana. Mambo ya viwanja tutayazungumza siku nyingine." Hakumwita mwanangu.

Mkalimani akasema, "Haya, mzee wangu." Akamwinamia kama anavyomwinamia siku zote. Kwenye televisheni stelingi alikuwa anakoki bunduki, na mara hiyo bunduki ililia peke yake. Mkalimani akaegemeza fimbo ukutani karibu na deki, akalifungua gunia la mlangoni, mwanga ukaingia ukaifuta picha, watu wakapiga kelele afunge. Akatoka, akalirudisha gunia taratibu. Mtu akasema ameenda kujisaidia, mwenye ghala akasema tumsubiri, akasimamisha mkanda, stelingi akabaki anatetemeka palepale na mdomo wazi. Nilitoka kumtazama. Alikuwa ameshavuka reli, hakupitia hata kibandani kuchukua blanketi lake, anatembea kando ya mataruma kuelekea mjini, si haraka, kama mtu anayerudi kazini. Hakurudi.