Nota za Zipora Ndahani

Nikisikia mtu akijisifu kuwa yeye ni mjasiriamali, nahama kiti. Aliyeniharibia neno hilo ni Mzee Batholomeo, mwenye kiwanda cha uchapaji cha Mkwaju kule Kizota. Lakini habari hii si yake. Ni ya Zipora Ndahani, niliyefanya naye kazi chumba kimoja, yeye kwenye kompyuta, mimi Stara kwenye meza ya kujalidi vitabu. Yeye mwenyewe ukimwuliza atakuambia hakuna la kusimulia, kwa hiyo nasimulia mimi.

Zipora alizaliwa Bahi kwenye mpunga, akaja mjini kusomea taipu, akabaki. Alikuwa mkimya na mkaidi, na aliimba alto kwenye kwaya ya kanisa lao. Ukitaka kumwona amekasirika, ungempa karatasi ya wimbo iliyopangwa ovyo. Kwaya za huku kwetu hazitumii ile mistari mitano yenye vichwa vyeusi. Nota zao ni herufi, d, r, m, f, zinazotenganishwa kwa nukta na vistari, sauti nne moja juu ya nyingine, na maneno chini yake. Mimi ni Mwislamu, sijaimba kwaya hata siku moja, lakini kwa kukaa na Zipora nilijua kwamba herufi ikisogea kiasi cha punje ya mchele, watu wa besi wanaingia kabla ya zamu yao na wimbo unakuwa vurugu. Kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, herufi zilisogea. Kwenye kompyuta ya kiwanda ilikuwa balaa zaidi, maana ukigusa neno moja ukurasa mzima unateleza.

Mmisionari mmoja aliyekuwa akirudi kwao alituachia maboksi ya vitabu. Katika kimojawapo Zipora akasoma habari za programu ya kupanga kurasa ambayo ni ya bure, inatunzwa na chama cha watu waliotawanyika nchi mbalimbali. Ukiwaandikia, wanakutumia sidii yenye programu hiyo. Wanachotaka ni unakili na kumpa mwenzako, na ukibuni nyongeza yako, uwapelekee waitie kwenye sidii ijayo ili ifike kwa wote.

Nilicheka. Ukoo wetu umekuwa wa wafanyabiashara Dodoma hii tangu reli haijafika, na bure tunaijua. "Zipora mwenzangu, humo mna ndoano," nikamwambia.

"Wewe andika bahasha tu, una mwandiko mzuri," akanijibu.

Anwani niliyoandika ilikuwa ya kiwanda. Wafanyakazi tulikuwa hatuna masanduku ya posta yetu. Barua za ndugu, majibu ya shule za watoto, kadi za harusi, vyote vilipitia sanduku la kazini, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa Mzee Batholomeo. Nusu ya mji iliishi hivyo na hakuna aliyeona ajabu.

Huyo mzee alianza kama meneja, kiwanda kikiwa bado mali ya umma. Ulipokuja ubinafsishaji, kikatangazwa kuwa kimechakaa, na aliyeandika taarifa ya kuchakaa ni yeye. Kisha akakinunua yeye, akaanza kujiita mjasiriamali. Mashine mbovu zikapona ghafla. Kila mtu alijua, na watu wakazidi kumwamkia kwa heshima, shikamoo za kuinama mpaka chini. Wizi nilishauzoea. Zile shikamoo ndizo zilizonitia kinyaa.

Sidii ilipofika, aliifungua yeye. Akaja nayo akiining'iniza kwa kidole. "Zipora, siku hizi unaagiza muziki kwa sanduku langu?"

Zipora akamweleza, akamwekea aone kurasa zinavyojipanga. Uso wa mzee ukabadilika. Jioni ile sidii iliingia kwenye kabati la chuma, na wateja wakaanza kuambiwa kwamba Mkwaju imenunua mtambo wa Kijerumani. Bei ikapanda. Kompyuta ikavishwa kitambaa cha kufuma, ikawa kila wageni wa heshima wakija inafunuliwa kwa mbwembwe.

"Mzee, wenyewe wameandika tuigawe," Zipora alimkumbusha.

"Tuigawe? Sisi ni Ustawi wa Jamii?"

Zipora akarudi kwenye kompyuta. Alijifunza ile programu saa za chakula, na Jumamosi mchana wenzake wakiwa nyumbani wanafua. Akatengeneza nyongeza ya nota za kwaya. Unaandika herufi zako na maneno yako, yenyewe inapanga sauti zote nne zikae zinapostahili. Ukurasa wa kwanza ulipotoka kwenye printa aliuimba wote, sauti moja baada ya nyingine, mpaka besi, kidevu kimezama kifuani, nami nikacheka hadi nikamwaga gundi.

Alichokitaka ni kimoja. Makanisa ya vijijini yalikuwa yameanza kupewa kompyuta kuukuu na wafadhili. Alitaka kwaya yoyote, ya Bahi au ya mwisho wa dunia, iweze kuchapa nota zake bila kumpigia mtu magoti. Akawatumia wale watu disketi, pamoja na tamko kwamba anaitoa kwa hiari na kila mtu aitumie. Wakaipokea. Sidii iliyofuata ilikuwa na jina lake ndani, Zipora Ndahani, Dodoma, na chini yake sanduku la posta la kiwanda. Aliligusa jina lile kwenye kioo cha kompyuta kwa kidole, akacheka peke yake.

Sasa shukrani zikaanza kuja, hata kutoka kwa wanakwaya wa Ghana, na zote zikapitia mfuko wa Mzee Batholomeo. Hakumpa hata moja. Tulikuja kujua alipojisifu mwenyewe wakati wa chai.

"Nimewaandikia wale Wazungu wako," alisema, akichovya chapati. "Nimewaambia hiyo ni mali ya kiwanda, imetengenezwa kwa umeme wangu, na aliyeituma hakuwa na ruhusa. Walipe au wakome."

"Wamesemaje?" Zipora aliuliza.

"Eti wao hawanunui. Wameiondoa." Akameza. "Watajua mimi ni nani."

Zipora alisimama. Sijawahi kumsikia akiomba kitu, siku ile aliomba. "Mzee wangu, waandikie mstari mmoja tu, kwamba huna pingamizi. Wataipokea tena. Wewe hupungukiwi chochote."

"Mimi niandike? Ile barua yao ilikuja kwa sanduku la nani?"

"Mzee," nikaingilia, "unamwaga chakula usichoweza hata kukila?"

"Stara, gundi inakauka." Midomo yake iling'aa mafuta ya chapati. Mpaka leo chapati za chai zinanishinda.

Zipora aliwaandikia wale watu kwa sanduku la shemeji yake. Wakamjibu kwa upole kwamba penye ugomvi wa haki hawawezi kuweka kitu mpaka mwenye madai akubali. Waungwana kabisa. Nikawachukia na wao.

Mzee hakutosheka. Akazungusha makanisani tangazo lililogongwa muhuri wa kiwanda, kwamba atakayekutwa na nota za Zipora Ndahani atashtakiwa kwa wizi. Wachungaji wanaomkemea shetani kila Jumapili wakauogopa muhuri wa mpira. Disketi ambazo Zipora alikuwa amewagawia zikarudishwa moja moja, nyingine zimefungwa kwenye gazeti kama nyama mbovu.

Nilimwambia aache kazi. Alikuwa na watoto shuleni, hakuacha. Alichofanya ni kufuta jina lake ndani ya faili, kila lilipoandikwa, akaipa nyongeza jina jingine, akaianzisha upya kimyakimya, disketi kwa disketi, mkono kwa mkono. Kitu kisicho na jina Mzee Batholomeo hakujua akidai vipi.

Mwaka uliofuata tulikwenda Bahi kwenye harusi ya binamu yake. Mwalimu wa kwaya alikuwa mgeni pale, William, amehamia kutoka Singida. Akatuita ofisini kutuonyesha kompyuta ya kanisa na nota za wimbo wa harusi. Zilikuwa zile zile. Kila herufi imekaa mahali pake.

"Mmeitoa wapi hii?" niliuliza.

"Hii imetoka Ulaya, dada. Mswahili gani angekaa akabuni kitu kama hiki? Sisi tungeshauziana."

Nikafungua mdomo. Zipora akanibana mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia, na nikaelewa. Nikilitaja jina, huyu naye ataogopa, ataifuta kesho.

"Besi wanaingia vizuri?" Zipora akamwuliza.

"Kama wamemezeshwa!" William akacheka. Akamtazama juu mpaka chini, akamwonea huruma. "Na wewe dada ujifunze. Si ngumu sana, hata mwanamke anaweza."

"Nitajaribu, mwalimu," alisema Zipora.

Nilitoka nje, nikatema mate. Harusi ilipoanza kwaya ikaimba zile nota, na sauti ya alto iliyokuwa ikiwaongoza ilikuwa ya Zipora.