Mkalimani wa Shimo la Kasulo

Zita alikuwa mwalimu wa kijiji cha Kasulo miaka mingi. Mwaka 1995, wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka walipojaa, wataalamu wa serikali walimwomba awatafsirie wanakijiji kwa Kihangaza, lugha yao, habari za taka zenye mionzi, ambazo zingezikwa juu ya chemchemi yao. Neno la mionzi hakulipata. Akasema ni sumu isiyoonekana wala kunuka.

Mzee Gidioni akasimama. "Mwalimu, waulize, tukikataa je?"

Zita akauliza. Mtaalamu mmoja akafunga faili lake taratibu. "Waambie shimo la taka lilishafukiwa Jumanne. Leo tumekuja kuwaelimisha tu."

Zita akatafsiri. Watu wakatia saini daftari la mahudhurio, wakatawanyika. Tangu siku hiyo jirani yake Zita, Tecla, akipita na ndoo ya maji ya chemchemi ile, haitikii salamu yake.