Paka wa Shangazi na Panya wa Daktari

Jumatatu asubuhi shangazi alisimama mlangoni na chupa ya marashi mkononi, kama askari wa getini. Hupiti bila kupuliziwa.

"Shangazi, wamekataza."

"Nani amekataza mtu kunukia?"

"Kazini, wametuma ujumbe. Panya hawapendi."

Shangazi alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Panya," alisema taratibu. "Kaka yangu amesomesha mtoto mpaka chuo kikuu, leo panya ndio wanampangia ajipake nini."

Binamu, aliyekuwa anakunywa chai amesimama, ilibidi aweke kikombe chini ili acheke vizuri. Bosi, paka mweupe wa shangazi, ndiye pekee mle ndani ambaye hakuwa na maoni.

Huyo mpwa jina lake la nyumbani ni Maswali. Alipewa akiwa mdogo, kwa sababu alikuwa haachi kuuliza. Kwa nini chai inapoa yenyewe lakini haijipashi moto yenyewe? Kwa nini kuku halali chali? Baba yake alikuwa anajibu mpaka anachoka, halafu anamtuma dukani. Sasa yuko mwaka wa pili chuoni, anasoma baiolojia, na likizo hii ndefu amepata nafasi ya mafunzo kwenye maabara ya utafiti katika jiji kubwa. Waliomba wengi, wakachukuliwa wawili. Analala chumba kimoja na binamu, na mkoba wake unakaa sakafuni kati ya vitanda, maana kabati lote ni la binamu na nguo zake.

Tumalize hili mapema: hakupotea jijini. Simu ina ramani na yeye ana mdomo wa kuuliza. Shida yake ilikuwa panya.

Kazi yenyewe ukielezwa unaweza kucheka. Unachukua panya mweupe, unamweka pembeni mwa sanduku kubwa lisilo na mfuniko, unatoka, unafunga mlango, unamwangalia kwa kamera. Panya anaogopa mahali pa wazi, kwa hiyo anajibana ukutani. Akipata moyo anatoka mpaka katikati, na wewe unaandika amechukua muda gani. Nusu ya panya wanakunywa maji yenye dawa ya majani ambayo Daktari, mwenye utafiti, anadhani inapunguza hofu. Nusu wanakunywa maji matupu. Yupi anakunywa nini, wapimaji hawaambiwi, wasije wakaona wanachotaka kuona.

Daktari ni mama wa maneno machache anayeweka miwani kichwani kisha anaitafuta mezani. Jumatatu hiyo, siku ya kwanza ya kazi, alisema, "Wiki hii mtapima wote wawili, kila mtu chumba chake na panya wake. Ijumaa nitachagua mmoja abaki na panya likizo nzima. Mwingine ataosha vizimba. Zote ni kazi."

Zote ni kazi, sawa. Lakini hakuna mtu aliyesafiri siku nzima kwenye basi akiota kuosha vizimba. Maswali alitaka kubaki na panya.

Mwenzake ni kijana mrefu wanayemwita Mwenyekiti, kwa sababu hata akiomba kalamu anaanza na "ningependa kusema kwamba". Si mtu mbaya. Ana mdomo tu.

Mlangoni pa vyumba vya panya pamebandikwa karatasi: hakuna marashi, hakuna mafuta yenye harufu, hakuna kula, hakuna kelele. Maswali alizifuata kanuni zote, hata mafuta ya nywele akaacha, mpaka binamu akamuuliza kama yuko msibani. Koti jeupe la kazi kila mtu anafua lake, kwa hiyo kila jioni alilikunja vizuri, akalitia mkobani, akaenda nalo nyumbani.

Kipimo kikaanza Jumanne. Panya wake wa kwanza alishuka kwenye sanduku akaganda. Hakunusa, hakugeuka. Alikaa pembeni kama mwanafunzi ambaye hajafanya zoezi na mwalimu wa hesabu ameshaingia. Wa pili vilevile. Wa tatu alijaribu kupanda ukuta.

Chumba cha pili, panya wa Mwenyekiti walikuwa wanazunguka kama mwenye nyumba anayekagua rangi.

"Ningependa kuuliza," Mwenyekiti alisema wakati wa chakula. "Panya wako wako hai?"

"Wako hai."

"Maana nimechungulia kwenye kioo cha mlango nikadhani ni picha."

"Kula, wewe."

"Nakula. Nasema tu, labda unawaangalia vibaya. Hata mimi ukiniangalia hivyo naganda."

Maswali alicheka, lakini jioni hakuwa anacheka tena. Jumatano aliingia akiwa amevua viatu. Alishika panya kwa viganja viwili, polepole, kama mtu anayebeba yai bichi. Alijaribu hata kuwaimbia kwa sauti ya chini, wimbo wa shule ya chekechea, akashukuru kwamba kamera ile hairekodi sauti. Panya waliganda na wimbo wao.

Alhamisi Daktari alikuja akasimama nyuma yake, akatazama kamera muda mrefu.

"Mikono ya mgeni," alisema. "Wengi tumeanza hivyo. Itatulia." Akaondoka akipapasa meza kutafuta miwani.

Bora angemgombeza. Maneno ya huruma aliyarudia kichwani njia nzima ya kurudi. Alikuwa ameshaanza kukubali kwamba kuna watu wameumbwa kwa kazi hii na yeye hayumo. Mikono si kitu unachoweza kwenda kubadilisha dukani.

Nyumbani alitupa mkoba sakafuni, akaenda kuoga. Aliporudi, binamu alikuwa kitandani na simu yake, na mkoba ulikuwa unapumua.

"Huyo ni nini?"

"Bosi," binamu alisema bila kuinua macho. "Si amehamia humo? Tangu uje kitanda chake ni mkoba wako. Mama anasema amekupenda."

Maswali alimtoa paka, akavuta koti. Lilikuwa na joto. Alilipeleka kwenye taa. Koti jeupe, paka mweupe, ungeona nini? Lakini alipopitisha kiganja, kilijaa manyoya. Alikaa kitandani na koti mapajani. Siku zote hizo alikuwa anawapelekea panya harufu ya paka, anawabeba karibu na koti hilo, halafu anawaimbia.

Kwanza alifurahi. Usimhukumu. Mikono yake ilikuwa mizima.

Alipomweleza shangazi, shangazi alicheka mpaka akatafuta kiti. "Yaani Bosi amekwenda kazini wiki nzima na mshahara hajapata."

"Shangazi, si mchezo."

"Basi fua koti, nyamaza. Nani atakwenda kumuuliza paka?"

Alilifua. Akalisuuza mara nyingi, akalipiga pasi mpaka likakauka, akalifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akauweka juu ya kabati.

Ijumaa asubuhi panya wa kwanza alinusa, akatembea, akafika katikati ya sanduku, akaketi kunawa uso. Katikati kabisa. Maswali alimtazama kwenye kamera, macho yakajaa maji.

"Ningependa kujua umewaambia nini," Mwenyekiti alisema.

Daktari naye aliona. Alitikisa kichwa kukubali. "Si nilisema itatulia?"

Saa ile ndiyo ilikuwa saa ya kunyamaza, na ilikuwa rahisi kweli. Sababu alikuwa ameshapewa bure: mikono ya mgeni. Angeitikia tu, na pengine angebaki na panya wake. Lakini wale walioganda siku tatu walikuwa ndani ya hesabu, na kati yao wamo waliokunywa dawa. Mtu angesoma kwamba dawa haikuwasaidia. Na yeye angekuwa anajua ni kwa sababu ya nani.

Walipokaa mezani Daktari alisema, "Namba za wiki nzima naziingiza zote kwenye hesabu ya mwisho."

"Zangu usiziingize," Maswali alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Koti langu lilikuwa linalaliwa na paka. Nimejua jana jioni."

Mwenyekiti aligeuka akalitazama koti lake mwenyewe.

Daktari alishusha miwani. Aliuliza taratibu: paka wa nani, koti linakaa wapi, ameingia chumba cha pili nalo au hapana. Halafu akafuta. Siku tatu za kazi zikatoka kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine.

"Panya wako wameshatishwa, kwenye kipimo hiki hawafai tena," alisema. "Wote. Tutaanza na wengine, na atakayepima ni mwenzako. Wewe utaosha vizimba."

"Ndiyo, Daktari."

"Na kabla hujaondoka, ongeza paka kwenye ile karatasi ya mlangoni. Mimi sikuwaza kuiandika."

Jioni shangazi alikuwa anamsubiri. "Wamekufukuza?"

"Hapana. Naosha vizimba."

"Ulisema?"

"Nilisema."

Shangazi alimtazama, akamtazama Bosi. "Nitampeleka kwa jirani mpaka uondoke."

"Mwache, shangazi. Hapa ni kwake."

Binamu, bila kuambiwa, alikuwa ameshahamisha nguo zake rafu moja. Maswali aliuweka mkoba pale, akafunga kabati. Bosi alikuja, akanusa mlango, akakaa chini yake kusubiri.

"Sasa hiyo dawa," shangazi aliuliza kutoka jikoni, "inatoa hofu au haitoi?"

"Hatujui bado, shangazi."

Alijilaza akitazama dari. Vizimba vilikuwa vingi na likizo ilikuwa ndefu, na bado alikuwa anataka kujua.