Kutoka na Kutolewa

Sauti ninayoikumbuka kwanza ni ya dadu ikigonga sinia la aluminiamu. Ilikuwa dadu ya pande ishirini, nyekundu kama punje ya komamanga, na kila ilipotupwa ilizunguka na kulialia kabla haijatulia. Gereji ya kina Jasi pale Woodley haikuwa na gari. Ilikuwa na makopo ya rangi ya baba yake, harufu ya tapentaini, na harufu ya bizari na vitunguu iliyotoka jikoni kwa nyanya yake, aliyetuletea bhajia moto bila kuuliza tulikuwa tukipigana na nani. Ilikuwa likizo ya Agosti na baridi ya Nairobi ilikuwa imekataa kuondoka. Tuliketi mkekani watoto watatu: Jasi, jirani na rafiki yangu tangu chekechea; Brayo, aliyekuja kila Jumamosi kutoka Riruta, mkubwa wetu kwa umri na mwenye kitabu cha mchezo; na mimi, Zuhura, binti wa karani wa duka la vitambaa mjini, mtoto ambaye hajawahi kujua kumeza uonevu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kusimulia. Kila mchezaji alimbuni mtu wake, na mmoja wetu, msimulizi, alieleza ulimwengu na kuwachezesha maadui. Ulisema unataka kufanya nini, na dadu ikaamua kama umeweza. Msimulizi alikuwa Brayo. Mtu wangu aliitwa Siti Mkuki. Nilikuwa nimemlea tangu likizo ya Aprili. Nilijua alivyofunga leso yake kiunoni kabla ya vita na alivyomchukia kila anayemdharau mama yake. Usicheke. Mtoto akimpenda mtu aliyemuumba mwenyewe, humpenda kweli.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, nasi tulicheza kwa Kiswahili. Kulikuwa na kanuni moja ya vita: aliye karibu nawe akitoka, una haki ya kumpiga pigo moja hata kama si zamu yako. Basi. Kitabu hakikusema kama ni lazima atoke kwa miguu yake mwenyewe. Jumamosi moja Siti alikuwa darajani, amebanwa na jitu, damu imebaki kidogo. Jasi, ambaye mtu wake alikuwa mganga wa pepo, akaita upepo umsukume Siti mbali ili apone.

“Umetoka karibu na jitu,” Brayo akasema, akiokota dadu. “Linakupiga.”

“Sikutoka! Nimetolewa!”

“Kutoka ni kutoka, Zuu. Wacha kulialia.”

Dadu ikazunguka, ikatulia, na Siti Mkuki akafa. Nililia, lakini nilikubali. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, nikajiambia. Leo umenikata mimi, kesho utamkata mwingine. Nikaanza upya na mtu mpya, mnyonge asiyejua hata kushika upanga vizuri.

Jumamosi iliyofuata msumeno ulirudi. Brayo alikuwa na adui aliyempenda kuliko sisi sote, jambazi aliyeitwa Nahodha Fisi, na siku hiyo Fisi alikuwa amesimama ana kwa ana na mtu wangu. Jasi akaita upepo uleule. Fisi akasukumwa. Nikanyakua dadu kwa furaha.

“Ametoka karibu nami. Nampiga!”

“Zii,” Brayo akasema, bila hata kuona haya. “Huyo hakutoka. Amesukumwa.”

Nilihisi masikio yakiwaka moto. Nikamkumbusha daraja, jitu, na maneno yake mwenyewe. Akafunga kitabu na kukikalia. “Mimi ndio nachezesha. Na kitabu ni yangu.” Kesi ya nyani nilikuwa nimempelekea ngedere. Nikamgeukia Jasi, shahidi pekee. Akaokota kipande cha bhajia, akakitazama kama amekiona kwa mara ya kwanza. “Tucheze tu, Zuu,” akasema kwa sauti ya chini. Hilo liliniuma kuliko pigo la jitu. Nikavaa sweta, nikaenda zangu nyumbani, ambako baba alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia, “Mwanangu, mwenye nguvu mpishe.” Nilimheshimu sana baba, lakini usiku huo nilimkasirikia hata yeye.

Sikurudi. Majuma yakapita, na mchezo wa watu wawili haukunoga. Ndipo wakaja wote wawili langoni kwetu, Brayo akitabasamu kama mfalme anayefungua gereza. “Nimekuonea huruma,” akasema. “Nimemfufua Siti wako.”

“Sitaki huruma. Sema ulikosea.”

“Si nimemfufua? Unataka nini tena?”

“Useme ulikosea.”

Akacheka, akaondoka. Jasi alibaki kidogo, akanishika mkono, akaniomba radhi yeye. Sisi wawili tulipatana. Siti nilimwacha kaburini. Sikutaka aishi kwa hisani ya mtu aliyemuua.

Siku hizi naishi mtaa wa Mountain View, hapahapa Nairobi, na baadhi ya Jumapili hupitia mkahawa mmoja katikati ya jiji ambako vijana hucheza michezo ya namna hii. Kitabu chao ni kipya. Hivi majuzi ubishi uleule ulizuka mbele yangu: mchezaji mmoja alisukumwa mbali na joka, na joka likataka kumpiga. Msimulizi, kijana mwenye miwani, akafungua ukurasa na kusoma kwa sauti: anayesukumwa hahesabiwi kuwa ametoka. Kwa kanuni hiyo joka wake mzuri alinyimwa pigo lililokuwa limwokoe, akauawa. Akanuna kidogo, akamfuta, mchezo ukaendelea. Nilibaki nikimtazama. Kumbe lilikuwa jambo jepesi hivyo!

Niliupiga picha ukurasa huo nikamtumia Brayo, ambaye sasa ni baba wa watoto. Akajibu upesi: “Zuu, bado tu? Si ilikuwa mchezo?” Nikamwandikia kwamba ndiyo, ulikuwa mchezo, na ndiyo maana haki isingemgharimu kitu.