Fundi Kimombo na Gauni la Daktari

Mtaani walimwita Fundi Kimombo, na jina hilo hakubandikwa kwa dhihaka. Alilitafuta mwenyewe kwa udi na uvumba. Cherehani yake aliiweka kibarazani, mgongo wake ukiwa mlangoni, na kila aliyepita akamsalimu kwa Kiswahili alijibiwa kwa Kiingereza. Ukimuuliza umeamkaje, anakwambia, "Very very, thank you!" Shule aliiacha mapema, lakini maneno aliyaokota kama kuku anavyodonoa uani: moja redioni, jingine kwenye lebo ya shati, jingine mdomoni mwa mteja. Mkewe, ambaye alishona vifungo na kupiga pasi chumba cha mbele, hakujua Kiingereza wala hakujisumbua kujifanya anakijua.

"Baba watoto," humwambia, "debe tupu haliachi kuvuma."

"Wivu huo, mke wangu. Lugha ni mtaji."

Tumpe haki yake lakini: kwa mkono, alikuwa fundi wa kweli. Suti iliyomshinda mtu mwingine ikifika kwake inatoka imekaa mwilini utadhani mwenyewe alizaliwa nayo.

Siku moja akaja daktari wa mifugo, mwanamke kutoka ng'ambo aliyekuwa ameanza kazi kwenye kituo cha mifugo mwisho wa barabara. Alikuwa na gauni la kijani la kuvaa harusini kwa mwenzake wa kazini, Jumamosi ile. Alianza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Samahani, Fundi, gauni hii..."

Fundi akainua mkono kama askari wa barabarani. "English, madam. No problem."

Daktari akashusha pumzi kwa raha. Akalitandaza gauni juu ya cherehani, akasema, "Could you take it in at the waist, and take it up a little?"

Fundi akayapokea maneno moja moja. "Take" alilijua, ni kuchukua. "In" ni ndani. "Waist" ni kiuno, hilo ni la kazi. "Up" ni juu. Akajumlisha, akapata kwamba mama huyu anataka gauni lake lichukuliwe ndani, kiunoni, kisha liwekwe juu kidogo. Alishangaa, lakini wageni wana mambo yao.

"Yes, madam! I take in, I take up!"

Daktari alipoondoka, Fundi akajifunga gauni kiunoni, akaingia nalo ndani kwa mwendo wa heshima, akalifungua na kuliweka juu ya kabati. Halafu akakumbuka lile neno "kidogo", akalishusha mpaka juu ya sanduku.

Mkewe aliacha pasi, akamtazama. "Una nini wewe? Gauni la watu unajifunga?"

"Maagizo ya mteja."

"Kwa hiyo halishonwi?"

"Hajasema 'sew'. 'Sew' mimi ningelisikia hata nikiwa nimelala."

Ijumaa Daktari akarudi. "Did you take it in?"

"The same day, madam!"

"And up?"

"Up, madam. Very safe. No rat."

Daktari akaingia nyuma ya pazia kulijaribu. Alipotoka, gauni lilikuwa likimning'inia kama bendera siku isiyo na upepo, na pindo linafagia sakafu. Akasimama kibarazani, akasema kwa uchungu wa mtu aliyevunjwa moyo, "Fundi, you've let me down!"

Fundi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Down" ni chini, na mama wa watu yuko pale pale, hakuna aliyemshusha. "No, madam," akamtuliza. "You are still up."

Daktari alitaka kukasirika zaidi, kicheko kikamzidi nguvu. Wateja waliokuwa kwenye benchi hawakuelewa neno, lakini walipomwona anacheka nao wakaangua kicheko, na mke wa Fundi akacheka kuliko wote. Mwishowe Daktari akalifinya gauni kiunoni kwa vidole, kushoto na kulia, kisha akainama na kulikunja pindo mpaka kwenye kifundo cha mguu.

"Kumbe kupunguza!" Fundi akapiga kelele. "Si ungesema!"

Akachukua pini na chaki, akakaa kwenye cherehani, na kabla chai ya mkewe haijachemka gauni lilikuwa limekamata kiuno na kuachia mguu, limempendeza Daktari hadi akazunguka mara kadhaa mbele ya kioo.

Aibu ile ilimkaa Fundi kooni. Daktari alipoleta sare za kituo kushonwa, akamwomba amweleze, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa ishara, hilo "take" lina mchezo gani. Daktari akaeleza: likifuatwa na "off", ni kuvua nguo, na ndege nayo ikiruka ni hilo hilo. Likifuatwa na "after", ni mtoto kufanana na mzazi. Likifuatwa na "over", mtu kakutoa kwenye kiti chako kakaa yeye.

Fundi akashika kichwa. "Kwetu kitenzi kinabeba mtoto wake tumboni. Kwenu mtoto anatembea nyuma, na ukimbadilisha mtoto, mama naye anageuka mtu mwingine!"

Wakakubaliana: yeye amfundishe Kiswahili, Daktari amfundishe Kiingereza, kazi ikiendelea. Na huko tumboni mwa kitenzi ndiko Daktari alikoanguka. Jioni moja, akiondoka, alisema, "Fundi, sare zikiwa tayari, nipige."

Mguu wa Fundi ukasimama kwenye kanyagio. Daktari alitaka kusema "nipigie", apigiwe simu. Herufi moja tu imedondoka njiani. Mtu mwema angeiokota na kumrudishia. Lakini Fundi alikuwa bado anasikia vicheko vya benchi.

"Sawa, Daktari, nitakupiga. Umesema vizuri kweli."

Basi Daktari akaenda nalo mtaa mzima. Kwa mzee aliyeleta ng'ombe mgonjwa alisema, "Akizidiwa, nipige. Mchana, usiku, usiogope." Mzee akaitazama fimbo yake, akasema, "Mwanangu, aumwe ng'ombe, nikupige wewe?" Kwenye kikao cha kituo alimwambia bosi wake, kwa upole na mbele ya watu, "Jana nimekusubiri nyumbani, mbona hukunipiga?" Karani alitoka nje kwenda kucheka.

Yalikoma mke wa Fundi alipoyasikia kwa masikio yake. Daktari alikuwa kibarazani analalamika, "Fundi, uliahidi kunipiga, jioni yote nimengoja!" Mke akatoka na pasi mkononi.

"Umpige? Mgeni wa watu umpige?"

"Ni masomo tu, mama watoto..."

Mke hakumsubiri amalize. Akamgeukia Daktari. "Mwanangu, sema nipigie. Nipigie simu. Nipige ni hivi," na akamzaba Fundi kofi la mgongo lililosikika hadi ng'ambo ya barabara.

Ungeona Daktari anavyowapitia akilini mmoja mmoja: mzee, bosi, hata muuza maziwa aliyewahi kumwambia ampige. Uso ukamwiva.

"Fundi, ulijua?"

"Kidogo."

Hakugomba. Alitabasamu tu, na Fundi angekuwa mwerevu angeliogopa tabasamu lile. Baada ya siku chache Daktari akamletea zawadi, kibao kilichopakwa rangi vizuri: WE TAKE EVERYONE IN.

Fundi alikisoma kwa sauti, kifua mbele. "Take in, kupunguza! Tunampunguzia kila mtu!" Akakitundika juu ya mlango. Na kweli, wenye Kiingereza chao wakawa wanasimama, wanacheka, wanapiga picha, halafu wanaingia na suruali zilizolegea. Akasema ule ndio uzuri wa tangazo la kitaalamu.

Mpaka wakili mmoja alipokuwa akipimwa koti. "Fundi, una ujasiri. Kuandika mlangoni kwamba unawaingiza wote mjini!"

"Mjini wapi?"

"Ukisema 'take in' kwa nguo, ni kupunguza. Kwa mtu, ni kumlaghai."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, kishushe!" Fundi akakitazama kibao, akalitazama benchi lililojaa, akakiacha.

Ila dukuduku halikumtoka. Akafunga cherehani, akaenda hadi kituoni. Daktari alikuwa zizini, mabuti yamejaa matope, anahangaika na ng'ombe asiyetaka sindano.

"Daktari," akamwitia uzioni, "umeniingiza mjini!"

"Hapana, Fundi." Hata hakugeuka. "Nimekuingizia. Wateja."

Fundi akalipekua lile neno kuanzia kichwa hadi mkia, akitafuta kosa. Hakuliona.

"Sasa usisimame bure," Daktari akasema. "Nishikie mkia."

Akavua koti lake la kazi, akaruka uzio, akamshikia.