Modemu iliyovishwa vitambaa

Jumamosi nilimsindikiza shangazi yangu wa Ruangwa hadi kwa mwalimu, jirani yangu hapa Nachingwea, mwenye mtandao nyumbani. Shangazi alingoja barua pepe ya binti yake aliyeko India, aliyepangiwa kujifungua kwa upasuaji. Kila barua ilipoanza kufunguka, mtandao ulikatika. Nikasimama kumkemea shetani kwa sauti.

Akaitwa fundi. "Modemu iko wapi?"

Mke wa mwalimu akaonyesha mezani. Fundi akafunua kitambaa cha kufuma, akakuta kingine chini yake. Akagusa, akaruka.

"Mamaa! Hii ni pasi! Mmeivalisha masweta? Ndiyo maana mtandao unakatika!"

"Sasa kitu cha bei vile kikae uchi? Hata redio nimeifunika."

Nikaigusa mwenyewe. Mungu wangu! Plastiki imelegea, kitambaa cha chini kimeungua rangi ya chai. Nyumba ilibaki kidogo iwake.

Tulipongoja ipoe, nilitubu kimyakimya kwa kumsingizia shetani.

Barua ikafunguka: "Mama, tuko salama. Ni wa kike."

Shangazi akalia. Mke wa mwalimu akakunja kitambaa cha juu, kilichosalimika, akampa.

"Mpelekee mjukuu, dada. Huyo ndiye anayetaka joto."